Manabii Nao Walitoka Jasho

Hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kabla hujatamka neno jihadi, tazama kwanza aliyekaa jirani yako. Akiwa ametoka Beni, mashariki mwa Kongo, atakumbuka mapanga. Akiwa Msomali wa Mogadishu, atakumbuka mabomu sokoni na simu za usiku za kumtaka alipe au ahame. Waganda nao hawajasahau tarehe 16 Juni 2023, pale waasi wa ADF, haohao wanaoua Beni, walipoingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wilaya ya Kasese, wakaua watu 42. Kati ya hao, 37 walikuwa wanafunzi, na wako walioungulia bwenini. Waliofanya hayo wanajiita wapiganaji wa dini.

Basi mtoto wa Kikongo akija chuoni baada ya Alasiri akakuta tunasoma habari za vita vya Badri, usishangae akiuliza: "Maalimu, Mtume alikuwa kama wale wa porini?" Aliyeniuliza hivyo alikuwa na miaka tisa hivi, na aliuliza kwa sauti, wenzake wote wakanyamaza wasikie nitasema nini. Sikumkemea. Huko kwao Beni, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwapinga hadharani watu wa namna hiyo, alipigwa risasi msikitini tarehe 1 Mei 2021, akiwa katika sala. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu refu kidogo kuliko "Uislamu ni amani, haya tuendelee."

Mimi ni fundi wa pikipiki. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili na magaraji, ambako mtu hujua kufungua kabureta kabla hajamaliza juzuu ya Amma. Nilifika huku 2015, mwaka ule Warundi tulipomiminika. Nakivale yenyewe ni ya zamani sana: ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na leo ina watu zaidi ya 180,000 katika wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, wote tupo, na Kiswahili ndicho kinachotuuzia nyanya. Chuo changu ni shitingi lililofungwa juu ya miti minne nyuma ya banda la kazi. Nasomesha mikono ikinuka oili, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Katika kusomesha visa vya manabii kwenye mazingira haya, nimeona kwamba mahubiri mengi yameukata utume vipande viwili. Kipande kimoja ni mapambano ya roho, masafi, ya kwenye msala. Cha pili ni mapambano ya mwili, na mwili hapo maana yake upanga. Visa vyenyewe havikukaa hivyo. Karibu kila nabii alipambana kwa mwili wake, kwa miguu, tumbo, macho na mgongo, na katika sehemu kubwa ya mapambano hayo hakuwa na silaha mkononi.

Mchukue Musa (A.S.), ambaye vijana wangu wanampenda kuliko wote. Surat al-Qasas inaeleza kwamba alimkuta mtu wa kabila lake akipigana na mtu wa upande wa Firauni, akaingilia, akatupa ngumi moja, na yule mtu akafa palepale. Musa alijuta saa hiyohiyo, akasema hiyo ni kazi ya shetani, akaomba msamaha. Kesho yake mtu akaja mbio kutoka upande wa pili wa mji kumwambia wakubwa wamekaa kikao cha kumuua. Akatoka. Hakuaga mtu, hakubeba chakula, kila hatua anageuka nyuma. Nikifika hapo sihitaji kueleza zaidi, maana kila aliye mkekani anaijua hiyo safari.

Anafika Madyan, anakuta kisima na wachungaji wamekizunguka. Pembeni wako wasichana wawili wanazuia mifugo yao isisogee, kwa sababu baba yao ni mzee na wanaume wenye nguvu hawawapi nafasi. Musa, mwenye njaa na miguu iliyochubuka, anawanyweshea wanyama wao kwanza. Ndipo anakwenda kivulini, anamwambia Mola wake kwamba anahitaji kheri yoyote atakayoteremshiwa. Dua ile imekuja baada ya kazi, na mkono ulioteka maji ni uleule uliomuua mtu kwa ngumi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye mapambano yake makubwa. Yale ya fimbo na bahari yalikuja baadaye sana, baada ya miaka minane au kumi ya kuchunga mifugo ya mkwewe, ambayo ndiyo mahari aliyoilipa.

Huku Ankole, ng'ombe wenye pembe ndefu ni heshima ya mtu, na vijana wetu wengi huchunga kwa raia wenyeji kwa ujira mdogo na maziwa ya jioni. Mmoja wao, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwao Uvira, aliona aibu kubwa. Nikamsomea kisa cha Musa, nikamwongezea hadithi iliyo katika Bukhari kwamba hakuna nabii ambaye hakuchunga, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa malipo ya kirati chache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kuna nabii aliyezungushwa mshahara, maalimu?"

Aliyemjibu ni pasta, jirani yangu, Mbembe wa Fizi, aliyekuwa amesimama kungoja nimtoe pancha. "Yakobo," akasema. "Labani alimbadilishia mshahara mara kumi."

Pasta huyo ana kanisa la mabati hatua chache kutoka kwangu, na Ijumaa usiku wanakuwa na mkesha ambao sisi tulio karibu nao tunakesha pia, tupende tusipende. Yakobo ndiye nabii wake. Anampenda hasa kwa kile kisa cha Biblia cha kushindana mweleka na mgeni usiku kucha, mpaka alfajiri, mpaka nyonga ikateguka, na bado akang'ang'ania mpaka akabarikiwa. Aliwahi kuniuliza sisi tunakisomaje. Nikamwambia Kurani haina kisa hicho. Yaakub wetu hakushindana na mtu wala malaika. Kilichoumia kwake ni macho.

Kisa kimo katika Surat Yusuf. Wanawe wanamletea kanzu yenye damu ya uongo, naye anajua ni uongo lakini hana ushahidi, wala hana mahali pa kuanzia kutafuta. Anachagua subira njema. Miaka inapita, mtoto mwingine anapotea vilevile, na mzee anageuka pembeni, anamlilia Yusuf, macho yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanachoka naye, wanamwambia atajiua kwa kumkumbuka huyo Yusuf. Anawajibu kwamba huzuni yake anaipeleka kwa Mungu. Kisha anatoa amri: nendeni, mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa. Mzee asiyeona anawatuma watu barabarani.

Nina jirani, mama wa makamo, aliyepotezana na kijana wake milima ya juu ya Fizi. Mara kwa mara anakwenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliopotezana. Anaulizwa jina la mtoto, la baba, la mama, mahali alipoonekana mara ya mwisho, alama za mwilini. Anajibu yaleyale. Akirudi analia, halafu anachota maji. Wamemjia wahubiri, wa kwetu na wa kwao, wakamwambia kulia namna hiyo ni upungufu wa imani. Hapo huwa nakosa adabu. Nabii Yaakub alilia mpaka akapofuka, na Kurani haikumtoa kwenye orodha ya wenye subira. Mtume Muhammad alitokwa na machozi hadharani alipokufa mwanawe mchanga Ibrahim, na swahaba aliposhangaa, akamweleza kwamba hiyo ni rehema. Anayemkataza mama yule kulia aniletee nabii aliyekatazwa.

Ayubu na ugonjwa wake, Yunus na samaki, Nuhu na miaka yake 950 ya kuitwa mwendawazimu, hao tunapita haraka kidogo, watoto wanawajua. Nitasema tu kuhusu Ayubu kwamba dawa yake ilikuja baada ya kuamriwa apige mguu wake chini. Maji yakatoka, akaoga, akanywa. Hata muujiza ulimtaka mgonjwa anyanyue mguu.

Sasa nirudi kwa swali la yule mtoto wa Beni. Je, Mtume Muhammad alipigana? Alipigana. Ukimficha mtoto hilo, atalipata kwa mtu mwingine, tena mtu mbaya. Ila lazima ajue hesabu ya miaka. Wahyi ulianza kwenye pango la Hira karibu mwaka 610, na kwa miaka kama 13 pale Makka Waislamu hawakuruhusiwa kuinua mkono. Sumayya aliuawa. Bilal alilazwa juu ya mchanga wa moto, jiwe kifuani. Ukoo wa Mtume ulisusiwa karibu miaka mitatu, hakuna kuwauzia wala kuoana nao, mpaka wakala majani. Alipokwenda Taif kutafuta hifadhi, watoto na watumwa walimtupia mawe mpaka viatu vikajaa damu. Katika miaka hiyohiyo ya Makka ndipo ilipoteremka aya ya 52 ya Surat al-Furqan, inayomwamuru apambane nao mapambano makubwa kwa hiyo Kurani. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na maneno, na miguu ya kuyapeleka.

Na kundi la kwanza la wafuasi wake kukimbia, kiasi cha mwaka 615, lilivuka bahari kwenda Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Mfalme akawaita wakimbizi wajieleze, Jaafar bin Abi Talib akasimama akamsomea habari za Maryamu, na mfalme akakataa kuwatoa. Muuza duka mmoja wa Kihabeshi pale Base Camp, humu kambini, huwa anasimulia kisa hiki kana kwamba mfalme yule alikuwa babu yake mzaa baba. Namwachia. Ni haki yao.

Ruhusa ya kupigana ilikuja baada ya Hijra ya 622, katika Surat al-Hajj, aya ya 39 na 40, na sababu imetajwa palepale: wanaopigwa vita wamedhulumiwa, wametolewa majumbani mwao bila haki. Aya inaendelea kueleza kwamba lau watu wasingezuiwa na wenzao, zingebomolewa nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti. Kwa mpangilio huo, misikiti ikiwa ya mwisho. Nilipomweleza pasta, alitoa kalamu akaandika namba za aya kiganjani. Wiki iliyofuata aliniambia amelisema kanisani na baadhi ya waumini wamenuna, wanadhani ananikaribia mno. Halafu akaniuliza swali ambalo na mimi ninalo: "Sasa hao wa Beni, maalimu, hii aya hawana?" Wanayo, msahafu ni mmoja. Anayechoma kanisa akiwa ameibeba aya hiyo mfukoni hakukosa maandishi.

Katika vita vyenyewe, watoto hutaka Badri, watu 313 hivi dhidi ya karibu elfu. Mimi huwapeleka Khandaki, mwaka 627, kwa sababu hapo kuna njaa. Madina imezingirwa, Salman Mfursi ametoa shauri la kuchimba handaki, na Mtume anachimba pamoja nao kwenye baridi, vumbi limefunika ngozi ya tumbo lake. Masahaba walifunga mawe matumboni kukaza njaa. Baadhi ya riwaya zinasema mmoja alimwonyesha Mtume jiwe lake, naye akafunua akamwonyesha mawili.

Somo hilo lina wasikilizaji wazuri huku. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, Februari 2021 ukapungua tena, 2023 tukagawanywa mafungu matatu kwa kiwango cha uhitaji, na Mei 2025 shirika likatangaza kwamba watu milioni moja nchini wanaondolewa kwenye msaada wa chakula. Mwenye nyumba anasimama mbele ya sufuria ya posho akipanga nani ale saa ngapi. Kijana anapita kwenye shamba la mihogo la raia usiku, hakuna anayemwona, anapita. Tumbo lake linajua kilichotokea hapo. Ukimwambia hayo yalikuwa mapambano ya roho peke yake, atakucheka.

Ndiyo maana hunikera semina. Tuliitwa Mbarara, viongozi wa dini kutoka kambini na mjini, kwenye hoteli yenye chai ya maziwa na sambusa, kuzungumzia amani. Mwezeshaji, kijana mwenye nia njema, akaweka ukutani ile riwaya mashuhuri ya Mtume kurudi vitani na kusema wametoka jihadi ndogo kwenda kubwa, ya nafsi. Kila mtu akatikisa kichwa. Mzee mmoja wa Mbarara akanyoosha mkono, akamweleza taratibu kwamba Baihaqi aliyeipokea ameitaja kuwa sanadi yake ni dhaifu, na Ibn Hajar amesema ni maneno ya Ibrahim bin Abi Abla, mtu wa baada ya masahaba. Chumba kikapoa.

Mzee yule hakuwa akitetea upanga. Alitaka tujenge juu ya mawe yanayobeba. Tirmidhi ana hadithi kwamba mpiganaji ni yule anayepambana na nafsi yake. Bukhari na Muslim wanacho kisa cha mtu aliyekuja kutaka kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, akasema wako, akaambiwa jihadi yake iko kwao. Kwa kijana mwenye mama mgonjwa huku Juru, humu kambini, huyo ni mama wa kubebwa mgongoni hadi zahanati. Bukhari na Muslim wanayo pia ile ya kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa mweleka, bali kwa kujizuia anapokasirika. Na tusisahau kwamba aliyesema hayo alikuwa mtu wa mweleka: imepokewa kwamba alimwangusha Rukana, bingwa wa Makuraishi, ingawa Tirmidhi mwenyewe haikumridhisha sanadi yake. Hakusema kwa sababu alikuwa mnyonge.

Mfano mkubwa zaidi wa kujizuia ni Hudaibiya, mwaka 628. Waislamu 1,400 hivi wamefika karibu na Makka kwa ajili ya Umra, wamezuiwa. Mkataba unaandikwa. Suhail bin Amr, mjumbe wa Makka, anakataa isiandikwe "Mtume wa Mungu". Ali anaona uzito kulifuta, Mtume anaomba aonyeshwe mahali, anafuta kwa mkono wake. Kisha anatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhail huyohuyo, anaburuta minyororo, amewatoroka watu wa Makka, anaomba hifadhi. Mkataba unasema arudishwe. Anarudishwa. Hapo darasa langu huwa linachafuka. Kurudishwa ndicho kitu ambacho kila mtu huku anakiogopa usingizini, na hapa ni Mtume anayekubali. Umar naye alichafukwa, akauliza kwa nini wakubali unyonge. Watu walipoambiwa wachinje na wanyoe, hawakuinuka, mpaka Ummu Salama alipomshauri mumewe atoke aanze mwenyewe bila kusema neno. Alipoanza, wakamfuata. Surat al-Fath iliyoteremka njiani iliita jambo hilo ushindi ulio wazi, na miaka miwili baadaye Makka ilifunguliwa.

Mbarara nina mzee ninayenunua kwake spea, Hajji, Mnyankole. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, Waislamu wa sehemu hizi walilipizwa kisasi kwa dini yao, na makumi, wanawake na watoto wakiwamo, waliuawa Kiziba, kando ya Mto Rwizi. Mto huohuo unapita Mbarara mjini na kushuka kuelekea maziwa ya huku kwetu. Hajji alipoteza jamaa. Badri hataki nimsimulie. "Badri kila mtu anaijua, Mrundi. Nipe Hudaibiya." Nikifika kwa Abu Jandal ananisimamisha.

Safari moja nilimwambia kwamba watu wanamtaja kama mfano wa kusamehe, kwa kuwa duka lake linamuuzia kila mtu, hata wa familia za wale waliolipiza kisasi.

"Nani kasema nimesamehe?" akasema. "Mimi mkono ndio nimeuzuia. Kusamehe bado. Hiyo dini inaniruhusu?"

Nikamwambia Umar alitoka Hudaibiya bado ana kinyongo, na alisema baadaye kwamba aliendelea kufunga, kuswali na kutoa sadaka kwa sababu ya maneno aliyoyatamka siku ile. Hajji akafikiri, akashusha rafuni cheni ya Bajaj Boxer, akaifuta vumbi. Nikaomba anipunguzie. Akakataa.